Mwizi Wetu, Meli ya Jirani



Majuzi nilikuwa kwenye pantoni, natoka Magogoni naenda Kigamboni kwenye kikao cha vijana. Meli moja ya kijivu ya wanamaji ikakatiza mbele yetu ikielekea nje ya mlango wa bandari. Meli ndogo tu, bunduki yake imeelekea mbele, si kama zile tunazoziona kwenye sinema. Kijana aliyesimama karibu yangu na ndoo ya samaki akauliza kwa sauti, "Hivi hizi nazo huwa zinakwenda kufanya nini?" Watu wakacheka. Mzee mmoja akamgeukia, akamwambia taratibu, "Mwanangu, hayo hayaulizwi hapa." Kicheko kikakatika palepale. Mpaka tunateremka upande wa pili hakuna aliyeongeza neno.

Nimeandika haya kwa sababu ya yule kijana. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Analipa kodi kwenye kila lita ya petroli ya boti na kwenye kila vocha ya simu. Ile meli ni yake kama ilivyo yangu na yako. Lakini katika nchi hii tumefundishwa kwamba kitu kikipakwa rangi ya kijivu na kuwekewa bunduki, basi kinaacha kuwa mali ya umma na kinakuwa siri ya wakubwa.

Niseme hoja yangu mapema ili tusipotezeane muda. Tanzania inazihitaji manowari ndogo za pwani. Inazihitaji kweli, na kijana wa upinzani anayesema hatuzihitaji hajawahi kukaa Kunduchi wala Mbweni. Lakini manowari inayonunuliwa gizani, na isiyohesabiwa siku zake baharini, hailindi bahari. Inamlinda aliyeinunua.

Bahari yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Pwani yetu, kuanzia mpaka wa Kenya kule Tanga hadi mdomo wa mto Ruvuma kule Mtwara, ina urefu wa kilomita 1,424. Kisheria mamlaka yetu ya kiuchumi yanakwenda hadi maili 200 kutoka ufukweni. Ukanda huo wote una eneo la kilomita za mraba 223,000 hivi. Chukua mkoa mzima wa Dar es Salaam, kuanzia Bunju hadi Mbagala na Kigamboni yote, uupange humo. Utaingia zaidi ya mara 150.

Humo ndani kuna nini? Kuna jodari wanaopita kwa msimu na meli za mataifa ya mbali zinazowafuata. Kuna gesi ya Songo Songo, ambayo tangu 2004 inaletwa kwa bomba hadi Dar kuzalisha umeme. Yaani taa inayowaka kwako Tandika usiku huu, sehemu ya moto wake imetoka baharini. Kuna njia za majahazi ya biashara halali na ya biashara chafu. Na kuna watu wetu wanaovuka kila siku kwenda Unguja, Pemba na Mafia.

Sasa hapo ndipo inapokuja manowari ndogo. Watu wakisikia manowari wanawaza vita vya meli kwa meli. Kwa nchi kama yetu kazi si hiyo. Meli ya doria ya pwani huwa na urefu wa mita 40, 60, labda 90. Haizami sana majini, kwa hiyo inaweza kukaribia visiwa na miamba ambako meli kubwa ingekwama. Ina rada, ina bunduki ya wastani, na muhimu kuliko vyote ina boti ndogo ya kushusha haraka, ili askari na mkaguzi wakapande kwenye chombo kinachotiliwa shaka. Kazi yake ni kusimamisha, kupanda, kukagua, kukamata. Siku nyingine ni kuokoa. Ukitaka kwa lugha ya mtaani, ni difenda ya polisi, isipokuwa barabara yake ni ya chumvi.

Na difenda tunaijua sote. Difenda iliyopaki kituoni haikamati mtu.

Mara tatu tumeshikiwa mwizi

Twende kwenye historia, maana tunasahau haraka.

Machi 2009 ilikamatwa meli ya Tawariq 1 ikivua bila kibali katika maji yetu. Ndiyo ile watu waliita "samaki wa Magufuli", kwa sababu hayati Magufuli ndiye aliyekuwa waziri wa mifugo na uvuvi. Samaki walikuwa karibu tani 300, wakagawiwa kwenye taasisi za umma, na nchi ikashangilia. Wachache waliuliza nani hasa aliyeikamata. Ilikuwa meli ya doria ya Afrika Kusini, Sarah Baartman, iliyokuwa kwenye doria ya pamoja ya nchi za SADC, na wakaguzi wetu wakiwa ndani kama wageni. Tena Sarah Baartman si hata manowari. Ni meli ya kiraia ya kulinda mazingira. Kesi nayo mnajua ilivyoisha: Mahakama Kuu iliwatia hatiani mwaka 2012, Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu mwaka 2014. Kwa hiyo meli ya kukamatia ilikuwa ya watu, na kesi iliyokuwa yetu wenyewe ikatushinda.

Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi maili 27 mashariki ya Mombasa. Ndani ya mifuko ya saruji wakakuta heroini kilo 1,032. Najua utasema hiyo ni Kenya. Lakini njia ni moja. Majahazi hayo hutoka pwani ya Makrani, huko Pakistani na Irani, hushuka kusini na kushusha mzigo Kenya, Tanzania au Msumbiji kutegemea wapi kumelala zaidi. Meli za kigeni zikikamata mzigo wa namna hiyo bahari kuu kawaida humwaga unga baharini na kuwaachia mabaharia, kwa sababu hazina mahakama ya kuwapeleka. Mwenye mahakama na mwenye pwani ni sisi, na sisi hatukuwepo.

Januari 2018, kusini kule Mtwara, ikakamatwa Buah Naga 1, meli iliyobeba bendera ya Malaysia, ikiwa na mapezi ya papa. Safari hii askari na maofisa wetu walikuwepo na walifanya kazi nzuri. Lakini chombo walichopanda kilikuwa Ocean Warrior, meli ya Sea Shepherd, shirika la hiari la kutetea viumbe wa baharini. Nchi yenye jeshi la wanamaji tangu miaka ya 1970 inaazima meli ya wanaharakati ili ikakague bahari yake.

Sina neno baya kwa waliotusaidia. Jirani akikushikia mwizi unamshukuru na unampikia chai. Lakini akikushikia mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, watu wa mtaa wataanza kujiuliza wewe mwenye nyumba unalala wapi.

Nitende haki pia. Wanamaji wetu si wazembe. Oktoba 2011 maharamia wa Kisomali waliishambulia meli ya kuchimba gesi, Ocean Rig Poseidon, karibu na Mafia. Wanamaji wa Tanzania walikuwepo, wakawarudisha nyuma na kuwatia mbaroni saba. Maana yake ukimpa askari chombo, mafuta na amri, kazi anaijua. Tatizo letu halijawahi kuwa yule kijana aliyevaa sare. Tatizo liko juu yake.

Mwitongo na Msoga

Mwaka 2015 serikali ilizindua pale Kigamboni meli mbili za doria zilizotengenezwa China, za urefu wa mita 60 hivi. Ni za aina hii hii ninayoizungumzia. Moja ikaitwa Mwitongo, ambako ndiko nyumbani kwa Mwalimu kule Butiama. Nyingine ikaitwa Msoga. Msoga ni kijiji cha Rais aliyekuwa madarakani siku ile. Sitaki kukaa sana kwenye jina, maana jina halizamishi meli. Lakini linaonyesha kitu kuhusu namna wakubwa wetu wanavyovitazama vifaa hivi.

Swali langu ni lile la kijana wa kwenye pantoni. Tangu siku ya uzinduzi, meli hizo zimekaa baharini siku ngapi kwa mwaka? Zimekagua vyombo vingapi? Bajeti ya mafuta yake inatosha siku 200 au siku 20? Mkataba wa matengenezo uko kwa nani, na kifaa kikiharibika kinasubiriwa muda gani? Kununua meli ni sehemu ndogo ya gharama. Meli ya kivita hukaa miaka 25 au 30, na miaka yote hiyo inakula mafuta, rangi, vipuri na mafunzo. Anayetangaza bei ya kununua akanyamaza kuhusu gharama ya kutunza amekuonyesha bibi harusi bila kukuambia mahari bado inadaiwa.

Wenzetu walivyoumia

Wapo watakaosema basi tununue ya kisasa kabisa, yenye kila kitu. Marekani walifikiri hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walibuni manowari ndogo za pwani zenye mwendo wa zaidi ya kilomita 70 kwa saa, ambazo zingebadilishwa vifaa kama unavyobadilisha bodi ya lori: leo inawinda mabomu ya majini, kesho inawinda nyambizi. Walipanga kujenga zaidi ya 50. Vifaa vya kubadilisha vikachelewa miaka, na kundi moja la meli hizo likasumbuliwa na giaboksi. USS Sioux City ilianza kazi Novemba 2018 na ikastaafishwa Agosti 2023, haijatimiza hata miaka mitano. Tajiri wa dunia alikosea na akaweza kumeza hasara. Sisi tukikosea hivyo, tutaendelea kuilipa hata baada ya watoto wetu kumaliza shule.

Lakini Marekani angalau wabunge wao waliuliza hadharani, wakaguzi wakaandika, magazeti yakachapa. Ndiyo maana hata mimi niliyeko Mbagala najua giaboksi zao zilikuwa na shida gani.

Njoo hapa karibu. Kenya walisaini mwaka 2003 mkataba wa meli ya doria iliyoitwa Jasiri, ikajengwa Hispania. Mkataba ule ukaingia kwenye orodha ya kashfa ya Anglo Leasing. Malipo yakasimama, na meli ikabaki Hispania ikisubiri wakubwa wamalize mivutano yao. Ilifika Mombasa mwaka 2012. Miaka tisa. Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo maharamia wa Kisomali walitawala bahari ya Afrika Mashariki, na meli iliyonunuliwa kwa ajili ya kulinda maji ya Kenya ilikuwa imefungwa kamba Ulaya.

Kisha nenda kusini, uvuke Ruvuma. Msumbiji, kati ya 2013 na 2014, kampuni tatu za serikali zilikopa takriban dola bilioni 2 kwa dhamana ya taifa: Ematum, ProIndicus na MAM. Sababu zilizotolewa zilikuwa tamu. Boti za kuvulia jodari, boti za doria za mwendo kasi, rada za kulinda pwani. Sehemu kubwa ya mikopo hiyo Bunge lao halikuambiwa. Ilipofichuka mwaka 2016, wafadhili wakasitisha misaada ya bajeti, sarafu ikaporomoka, bei za vyakula zikapanda. Boti za uvuvi zikabaki zimefungwa bandarini Maputo. Aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, alitiwa hatiani na mahakama ya New York mwaka 2024. Mtoto wa rais mstaafu Guebuza alihukumiwa kifungo nchini kwao mwaka 2022.

Na pwani yenyewe iliyokopewa fedha kwa jina lake ilikuwaje? Oktoba 2017 uasi ulianza Cabo Delgado. Agosti 2020 waasi wakaiteka bandari ya Mocímboa da Praia, na zile boti za mabilioni hazikuizuia. Miezi miwili baadaye, Oktoba 2020, moto ule ukavuka mto ukafika kwetu, kijiji cha Kitaya, Mtwara. Watanzania waliuawa. Kwa hiyo mtu asikuambie siri ya manunuzi ya ulinzi ya jirani haituhusu. Pale fedha za kulinda bahari zilipoliwa, bahari haikulindwa, na sisi tulikuwa miongoni mwa waliolipa.

Sisi wenyewe tumesahau chenji ya rada? Serikali ilinunua rada kutoka BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilisema ni ghali kuliko tulichohitaji, na waziri wa Uingereza Clare Short aliupinga ule mpango waziwazi. Hapa nyumbani aliyehoji aliambiwa hana uzalendo. Mwaka 2010 kampuni ikakiri kosa la utunzaji wa hesabu mbele ya mahakama ya London, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwa Watanzania. Zikanunua vitabu na madawati. Mahakama ya Waingereza ndiyo iliyotutetea. Hata hapo, mwizi wetu alishikwa na jirani.

"Siri ya jeshi"

Najua jibu litakalokuja. Wataniambia, kijana, haya ni mambo ya ulinzi, adui anasoma. Wengine watataja Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ili niingiwe na baridi.

Tuelewane. Siri zipo na lazima ziwepo. Sitaki kujua meli itakuwa wapi Jumanne saa nane usiku. Sitaki kujua masafa ya redio wala majina ya askari. Mtu anayeuliza hayo kweli ana lake. Lakini bei si siri ya ulinzi. Aliyetuuzia anaijua bei. Benki iliyotoa mkopo, kama upo, inaijua. Majarida ya kijeshi ya Ulaya yanaandika urefu wa meli zetu, aina ya bunduki zake na kiwanda kilichozijenga, na msomaji yeyote huko nje ananunua nakala yake. Sasa adui ni nani hapa? Mgeni anaruhusiwa kujua kila kitu kuhusu meli yetu, isipokuwa mwenye meli ndiye haruhusiwi kuuliza tulilipa shilingi ngapi.

Katiba yenyewe haina wasiwasi tunaoambiwa. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara ya 143 inampa CAG kazi ya kukagua hesabu za serikali. Sikuona mahali palipoandikwa "isipokuwa vyenye rangi ya kijivu". Kama kuna mambo mazito, Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama ikae faraghani, milango ifungwe, simu ziachwe nje, na mkataba usomwe ukurasa kwa ukurasa. Hiyo ndiyo kazi ya kamati.

"Hospitali hazina dawa, nyie mnazungumza manowari"

Hili nalisikia sana kutoka upande wetu, tena kwa makamanda ninaowaheshimu. Wanasema fedha za meli zipelekwe zahanati. Nawaelewa, ila nawaomba tutembee pamoja kidogo.

Nenda hospitali ya Mwananyamala, Kinondoni, asubuhi. Halafu nenda hospitali ya Temeke. Kote huko kuna kliniki ya methadoni. Utaona vijana wenzetu wamepanga foleni kunywa dawa ili wasirudi kwenye unga. Wengine nimesoma nao. Mmoja alikuwa golikipa wetu, mtu alikuwa anadaka mpira kama paka. Ile foleni ni bili ya bahari isiyolindwa. Poda haioti Tandale wala Mtoni. Inashushwa na jahazi usiku, kilomita chache kutoka kwenye fukwe tunazokwenda kuogelea Iddi na Krismasi. Kila kilo inayokamatwa majini ni kitanda kimoja ambacho hospitali haitakihitaji.

Waulize na wavuvi wa Kunduchi kuhusu mabomu. Mwaka 2015 watafiti waliopita na vyombo vya kusikilizia sauti chini ya maji walirekodi milipuko zaidi ya 300 ya baruti kwenye pwani yetu ndani ya mwezi mmoja, na mingi ilikuwa eneo la karibu na Dar. Operesheni zilizofuata zilipunguza hali hiyo sana, na anayestahili sifa apewe. Funzo lake ni kwamba doria ikiwepo uhalifu unapungua. Mvuvi wa Mbweni anayerudi na kibua nusu ndoo hakuhitaji hotuba ya uchumi wa buluu. Alihitaji mtu wa kumzuia yule anayelipua matumbawe.

Na kuna kuokoa. Septemba 2011 Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Julai 2012 Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea hapa hapa Dar. Karibu kila familia ya uswahilini kwetu ina mtu inayemjua aliyepotea kwenye moja ya hizo. Chombo cha doria kilicho baharini tayari hufika kabla ya kilichoko gatini ambacho nahodha wake anatafutwa kwa simu.

Kwa hiyo si manowari au hospitali. Ila meli ya gwaride haimsaidii mgonjwa wala mvuvi. Hapo ndipo ugomvi wetu na serikali ulipo.

Tunataka nini?

Sitaki tumalize kwa kulalamika. Chama kinachotaka kuongoza nchi lazima kiseme kingefanya nini. Mimi napendekeza haya, na nawaomba tuyajadili matawini.

Kwanza, kazi itangulie meli. Kabla ya kununua chochote serikali iliambie Bunge: tatizo ni uvuvi haramu, unga, ulinzi wa gesi au uokoaji? Jibu ndilo litachagua ukubwa na idadi. Boti sita za wastani zilizosambazwa Tanga, Dar, Kilwa na Mtwara zinaweza kufanya zaidi ya manowari moja ya kujivunia.

Pili, hakuna kununua bila bajeti ya kutunza. Mkataba wa meli uende pamoja na mpango wa mafuta, vipuri na mafunzo wa angalau miaka kumi. Na mafundi wawe wetu. Vijana wa VETA Chang'ombe wapo, wafundishwe.

Tatu, ripoti ya mwaka. Kila bajeti ya Wizara ya Ulinzi ikisomwa, Bunge liambiwe namba nne tu: siku za doria, vyombo vilivyokaguliwa, kesi zilizofikishwa mahakamani, watu waliookolewa. Hakuna adui atakayetushinda kwa kujua namba hizo. Kinyume chake, zikiwa kubwa zitamtisha.

Nne, mkataba wote usomwe na kamati na ukaguliwe na CAG, pamoja na jina la dalali kama yupo. Chenji ya rada ilitufundisha kwamba mahali penye dalali wa silaha asiyejulikana, bei huwa na mtoto tumboni.

Tano, tuamue nani mwenye bahari. Leo kuna Kamandi ya Wanamaji, polisi wanamaji, KMKM kwa upande wa Zanzibar, mamlaka ya uvuvi wa bahari kuu, idara za uvuvi na wengine, kila kimoja na sheria yake na bajeti yake. Kenya walianzisha kikosi cha walinzi wa pwani mwaka 2018 ili kazi za kipolisi za baharini zipate mwenyewe. Sisemi tuwaige kichwa kichwa, na suala la Muungano litataka mazungumzo ya heshima na wenzetu wa Zanzibar. Nasema mzigo wa wengi bila kiongozi huachwa njiani.

Viti vyetu bungeni vinahesabika kwa vidole, najua. Lakini swali halihitaji kiti. Bunge la bajeti huanza Aprili. Kabla ya hapo, kila tawi la Kinondoni, Temeke na Kigamboni liandike barua moja kwa mbunge wake, wa chama chochote, yenye swali moja: meli zetu za doria zilikaa baharini siku ngapi mwaka jana? Barua iwe ya adabu, ipigwe muhuri, nakala ibaki tawini. Asipojibu, tutakuwa na cha kuwaonyesha wananchi kwenye mkutano wa hadhara.

Na wewe kijana wa ndoo ya samaki, kama haya yatakufikia kwenye simu ya mtu: yule mzee hakuwa mbaya. Alikuwa anakulinda, kwa sababu katika umri wake ameona watu wakichukuliwa kwa swali dogo kuliko lako. Ila kosa halikuwa lako. Wiki ijayo nitavuka tena kwa pantoni ya asubuhi. Tukikutana, nitauliza mimi, kwa sauti, halafu tuone kama watu watacheka au watajibu.

Mwandishi ni mwanachama wa jumuiya ya vijana, tawi la Mbagala, Temeke.